Kifuko cha Kizito na Harusi Isiyo na Flashi

Jumapili, 12 Agosti 2012

Nimepigwa marufuku. Mimi Byamungu, mwenye Studio Paris ya hapa Base Camp, mtu aliyepiga picha Uvira, Bujumbura na Kigoma. Leo Pasta amenikataza flashi ndani ya kanisa. Mbele ya kwaya zote mbili.

Kisa chenyewe. Kanisa letu la hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale ni udongo na turubai. Madirisha mawili tu, yote upande mmoja, madogo kama ya choo. Giza hata mchana wa jua. Katikati ya maombi nikafyatua flashi. Kumbe benchi la nyuma wamekaa wageni kutoka Kabazana, kituo cha mapokezi, wale waliovuka juzi wakikimbia vita, hata kiwanja hawajapewa. Mama mmoja kuona ule mwanga, akawalalia watoto wake chini, mikono juu ya vichwa vyao. Kanisa zima likanigeukia. Mimi nimesimama na kamera kama mwizi na kuku.

Nilimpelekea sukari nikamwomba radhi. Alisema haina neno, ameona nina uso wa mtu mwema. Hilo nilikuwa nalijua.

Lakini sikia maneno ya Pasta. Alisema kuanzia leo hakuna flashi ndani. Kisha akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba Kizito, yule mpigapicha mwingine wa hapa, hatumii flashi kabisa na picha zake zinatoka safi. Kizito akainamisha kichwa kama bikira. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Swali langu: Pasta ameanza lini kujua mambo ya picha? Nani amemfundisha?

Jumatatu, 13 Agosti

Mama Perpétue amekuja studio. Huyu mama nilipofika Kabazana na shati moja na kamera alinigawia chungu chake, na yeye ana watoto. Siwezi kumkatalia kitu.

Binti yake Orpa anaolewa Jumamosi na Gradi, fundi wa baiskeli. Baba ya Orpa, mzee Appolinaire, alibaki kwetu Uvira kwa sababu ya miguu. Mara ya mwisho kumwona mtoto wake, mtoto alikuwa anang'oka meno ya utoto. Na kwetu msichana hatoki nyumbani mpaka baba amwekee mikono kichwani. Sasa wamepanga hivi: mzee atabariki kwa simu, sauti kubwa, kanisa lote lisikie. Mdogo wake aliye hapa ndiye ataweka mikono. Lakini mzee ametia sharti. Sauti atatoa yeye, ila mikono anataka kuiona. Kabanyana, yule mama wa biashara ya vitenge, anasafiri kwenda Uvira Jumanne ya wiki ijayo. Ataibeba picha mwenyewe.

Mama Perpétue alinishika mkono. Akasema, "Baba Foto, muzee wangu miguu hana, lakini macho angali nayo. Usimuletee ukungu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeshapiga picha mawaziri. Kweli ni mmoja, na ni mgongo. Lakini ulionekana kuwa ni mgongo wa waziri.

Bila malipo, nikasema. Akaniombea papo hapo, sala ndefu.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikazima flashi, nikapiga picha kiti changu. Kiti kina miguu minne. Kwenye picha kina miguu mingi, na yote inakimbia.

Jumanne, 14 Agosti

Nimempeleleza Kizito. Studio yake iko ng'ambo ya barabara. Ameiita Lumière, mwanga, na ndani hakuna hata taa.

Kwanza kamera. Kamera yake ni ndugu ya kamera yangu. Aina moja, rangi moja, tulinunua kwa mtu mmoja. Kwa hiyo ujanja hauko kwenye kamera. Uko fasi nyingine.

Nikaona. Kwenye mkanda wa kamera ananing'iniza kifuko cha kitenge, ukubwa wa ngumi, kimeshonwa pande zote isipokuwa mdomo, umefungwa kwa uzi. Ndani kuna vitu vinasugua. Alikuwa anapiga picha mtoto mchanga. Akakilaza kifuko juu ya meza, akalaza kamera juu yake, akashusha pumzi ndefu kama mtu anayekabidhi roho, kisha kidole kikabonyeza taratibu. Mtoto akatoka safi mpaka kope.

Sasa mtu mzima anapumua namna ile mbele ya kifuko kwa sababu gani? Nimeshatembea mimi. Vifuko vya waganga navijua.

Nikavuka barabara kama mtu anayeomba kiberiti. Nikauliza kwa mbali sana, kwa akili. Kizito akanimwagia yote bila hata kukohoa. "Byamungu, ndugu yangu, weka viwiko ku mbavu. Egemea ku ukuta ama ku nguzo. Toa pumuzi, kisha finya mupole, na usifinye mara moja, finya hata mara tatu. Ile lenzi usiivute, weye tembea na miguu. Na batu, bambie basitikisike."

Nikamshukuru. Nikarudi nikakaa nikawaza. Tangu lini adui akakupa ufunguo wa nyumba yake? Mtu akikuonyesha kwa furaha namna ile njia ya kulia, shimo liko kulia.

Basi nikafanya kinyume cha kila neno. Nikasimama katikati ya chumba. Mikono nimeinyoosha mbele yote. Kifua nimekijaza hewa. Lenzi nimeivuta mpaka mwisho. Nikabonyeza kwa nguvu ya mwanaume. Aliyepigwa ni mbuzi wa jirani, aliyeingia kula kalenda yangu. Ametoka kama pazia kwenye upepo.

Maana yake Kizito alijua kwamba nitajua. Alijua nitafanya kinyume. Mtu hatari.

Alhamisi, 16 Agosti

Mbarara. Nimekwenda mtaa wa Nyamityobora kwa Shafiq, ndiye anasafisha picha za wapigapicha wote wa Nakivale. Nikamwonyesha mbuzi. Akauliza ni moshi wa nini.

Shafiq amefunga Ramadhani, maneno machache, midomo mikavu. Aliigeuza kamera, akabonyeza hiki na kile. Akasema ile ISO, yaani namna kamera inavyokunywa mwanga, nimeiacha chini kabisa, kamera inakunywa kwa kijiko. Akaipandisha bila ruhusa yangu. Kisha akasema, na hapa nywele zilinisimama: viwiko kwenye mbavu, egemea ukuta, pumua nje, bonyeza polepole, usivute lenzi.

Maneno yale yale. Kwa mpangilio karibu ule ule.

Kizito naye anasafishia picha hapo hapo kwa Shafiq. Sihitaji kusema zaidi. Nilimwambia Shafiq kwamba mtu aliyefunga hapaswi kusema uongo. Akasema mtu aliyefunga hapaswi pia kuchoshwa, ssebo, bwana wangu, nenda salama.

Njiani nimetafuta pa kuirudisha ile ISO chini. Sikupaona. Ameificha.

Kwa kuwa nilikuwa mjini, nikapita Makenke, kambi ya jeshi. Koplo Kezironi na mkewe Topista ni wateja wangu. Mwaka jana niliwapiga picha ya kipaimara, nje, juani, picha nzuri mpaka leo iko ukutani. Sebule yao ina pazia zito, giza zuri la kujaribia. Nikamwomba Topista akae kwenye kochi. Nikanyoosha mikono, nikajaza kifua.

Kezironi aliniangalia, akacheka mpaka akaweka chai chini. Akasema, "Wewe mzee, hiyo kamera ni kama bunduki. Wewe unavuta triga kama mtu anavuta ng'ombe kutoka kwa matope. Weka kiwiko kwa mwili. Egemea kitu. Toa hewa, ngoja kidogo, alafu finya pole pole. Hata recruit anajua hiyo."

Topista akasema mimi natetemeka kama ninayedaiwa.

Nimekunywa chai yao nikaondoka nikiwa nimefikiri sana. Kizito kumfikia Pasta, naelewa. Kumfikia Shafiq, naelewa. Lakini Makenke? Kizito amepenya mpaka jeshini. Huu mtandao ni mkubwa kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 17 Agosti

Nimekifungua kifuko.

Kizito alitoka kununua vocha, akaacha kamera kwenye meza na mlango wazi. Mtu mwaminifu hafungi mlango, na mtu mjanja sana naye hafungi. Nikaingia. Nikafungua uzi.

Maharage.

Maharage ya njano, yale madogo. Hakuna unga, hakuna mzizi, hakuna jino la mnyama. Nikanusa. Maharage. Nikatafuna moja. Maharage.

Hapo nikaelewa kila kitu. Sisi wengine tunapewa maharage mekundu ya mgao. Kizito ametafuta ya njano. Kwa nini ya njano? Rangi ya jua. Mtu asiyesoma asingeling'amua hili. Mimi nilifika sekondari, mwaka wa pili, karibu na mwisho.

Nikayamwaga ya njano mfukoni mwangu. Nikajaza kifuko mekundu, nilikuwa nayo kwenye koti kwa ajili ya chakula. Nilikuwa ninafunga uzi, Kizito huyu mlangoni. Akaniangalia, akaangalia punje moja ya njano chini. Nikasema ninatafuta sindano.

Akasema, "Byamungu, kama ni njaa, sema tu njaa. Mama ya batoto ameivisha." Akaniingiza kwake akanikalisha, akanipa ugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Nikala kwa wasiwasi. Nikaongeza kwa wasiwasi. Mke wake anapika vizuri sana, jambo ambalo nalo si la kawaida.

Maharage nimeyashona ndani ya soksi. Nitaivaa shingoni chini ya shati. Kesho Mama Perpétue ataona kazi.

Jumamosi, 18 Agosti

Harusi.

Kufika kanisani, nani yuko mlangoni amevaa tai? Kizito. Eti upande wa Gradi wamemwita apige picha za watu wao. Kifuko kimening'inia. Nikacheka moyoni. Mekundu.

Orpa aliingia. Nguo nyeupe, macho chini, mama yake anamshika kiwiko. Nikasimama katikati ya njia, soksi kifuani, mikono nimeinyoosha. Nikapiga. Wingu limeingia kanisani. Nikapiga tena na tena. Wingu linakaa. Wingu linavishwa pete. Baba mkwe wa Orpa ametoka na vichwa viwili, vyote vinapiga miayo.

Nikaanza kutoka jasho. Nikasogeza soksi upande wa moyo. Hakuna kitu. Nikatazama ng'ambo: Kizito amelaza kamera yake juu ya kile kifuko, juu ya mgongo wa benchi, ametulia. Na kioo cha kamera yake kinaonyesha watu safi. Kwa maharage yangu mekundu. Haiwezekani. Lazima ana kifuko cha pili.

Nikakata shauri. Picha za harusi baadaye, kwanza ushahidi. Nimpige Kizito akiwa kazini na vifuko vyake, nimpelekee Pasta, mambo yaishe.

Nyuma ya ngoma ya kwaya kuna nguzo. Nikajibana hapo, kati ya nguzo na ukuta. Padogo kiasi kwamba viwiko viliniingia kwenye mbavu. Bega limekwama kwenye mti. Kamera nimeikandamiza usoni ili isionekane. Lenzi sikuivuta, inalia kama panya, angenisikia. Kidole kimebonyeza nusu tu, ninangoja ageuke.

Hapo simu ikaita.

Mdogo wa mzee akaipokea, akaiweka sauti kubwa, akampa Mama Perpétue aishike juu. Kukawa na mkwaruzo. Kisha sauti ya mzee ikaingia kanisani, ndogo lakini imesimama. Akaita, Orpa. Orpa akapiga magoti pale chini ya dirisha. Baba mdogo akaweka mikono miwili juu ya kichwa chake.

Mzee akasema, "Mwana wangu, ile mikono ni yangu. Mudogo wangu ameniazima mwili tu. Leo minakutoa mu nyumba yangu, na nyumba yangu inabakia yako. Wende na amani."

Hakuna aliyetikisika. Kwaya, wazee, wale wageni wa Kabazana, hata watoto. Kanisa zima limegeuka mawe. Mimi nilisahau kupumua. Nilisahau Kizito. Kidole kilibonyeza chenyewe, polepole kabisa, mtu asisikie. Kikabonyeza tena. Na tena.

Kisha vigelegele, na mimi nikashindwa kutoka kwenye nguzo. Walinivuta watu wawili.

Jumapili, 19 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimekaa studio mlango umefungwa, ninatazama picha kwenye kioo cha kamera. Uji. Uji. Uji wenye maua. Keki inayoondoka. Mama Perpétue alipita mara mbili akagonga, nikajifanya sipo. Nilimsikia anamwambia jirani kwamba Baba Foto anachoka kwa kazi yao, wamwache alale. Afadhali angenitukana.

Kesho ni kusafisha picha, keshokutwa Kabanyana anaondoka. Na mzee wa watu anangoja mikono.

Nikafikiri neno zito. Nikamwombe Kizito picha ya baraka. Nimeshavaa kiatu kimoja, Kizito mwenyewe akagonga. Sikufungua, akaongea dirishani. Aliuliza kama mimi nimeipata ile mikono. Akasema yeye hana. Iliposikika sauti ya mzee aliishusha kamera, macho yalijaa maji, naye ana baba Uvira. Akasema kama hata mimi sina, tutamwambia nini yule mama.

Mtego, nikawaza. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye mafua.

Nikazifungua zile za mwisho, za nguzoni, ambazo nilikuwa sijaziangalia. Ya kwanza, imecheza kidogo. Ya pili, kidogo tu. Ya tatu.

Ya tatu. Mikono ya baba mdogo juu ya shela ya Orpa, mwanga wa dirisha unaishukia. Kila kidole. Kovu la jembe kwenye kidole gumba. Chozi moja la Orpa limesimama kwenye shavu halijaanguka. Mama Perpétue ameinua simu kama taa. Na pembeni, mdomo wazi, kamera tumboni, Kizito analia.

Nikafungua mlango nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza niliegemea wapi.

Unaona? Bado ananichunguza. Nikamwambia siri ya kazi. Nikaigusa soksi.

Jumatatu, 20 Agosti

Shafiq amesafisha picha. Amekula Idi, ana furaha, mdomo umefunguka. Alisema hii ni kazi ya mkono uliotulia. Nikasema ni kazi ya utafiti.

Mama Perpétue aliipokea kwa mikono miwili. Aliifunika kwenye kitenge kama unavyofunika mtoto, akampelekea Kabanyana. Mimi vumbi liliniingia machoni. Barabara ya hapa ina vumbi jingi.

Jumapili, 26 Agosti

Mzee Appolinaire amepiga simu, akaomba apewe Baba Foto. Nikajinyoosha kabla ya kushika.

Alisema picha imefika. Alisema amewaita majirani wakaja kuona, na amewaonyesha mikono ya mdogo wake, na wote wamekubali kwamba ni mikono ya ukoo, hata kucha ni zile zile. Alisema usiku analala, ameiweka upande wa kichwa. Alisema Mungu anibariki macho.

Nikasema ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Kisha akauliza, yule mwanaume wa pembeni anayelia ni nani? Mtu mwenye roho kama ile ni adimu. Akaomba nimpe salamu nyingi, na nimwambie kwamba Uvira wanamwita baba mwenye huruma.

Mimi ndiye niliyepiga. Anayesifiwa ni aliyeingia kwenye picha bila kualikwa. Alijuaje pa kusimama?

Salamu nimempelekea Kizito. Nusu. Jioni roho ikanisuta, nikarudi kumpa nusu iliyobaki pamoja na nakala ya picha. Mke wake akanikalisha mezani. Sombe tena.

Jumapili, 2 Septemba

Leo kwaya ilitaka picha ndani ya kanisa. Nilikuwa tayari. Soksi imepumzika, nimeshona mfuko mzima wa maharage ya njano, nimeuvaa kifuani kwa kamba mbili kama mlinzi wa rais. Nikasimama katikati, wote wanione. Mikono mbele. Kifua hewa. Lenzi mpaka mwisho.

Kizito alinikaribia, akaninong'oneza kwamba kile kifuko ni cha kuegeshea kamera tu isitikisike, hata kingekuwa na mchanga ni sawa, na pale nguzoni ndipo fasi nzuri. Ati mchanga. Nilimwonea huruma. Mtu akishindwa, anaanza kusema ovyo.

Nikapiga. Kwaya nzima imetoka kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Msoprano mmoja ana mikono sita.

Nimefika nyumbani, nikafungua mfuko kuchunguza. Kumbe. Punje zina matundu. Maharage yameingia wadudu, ndiyo maana nguvu imekwisha. Na haya maharage niliyanunua kwa nani? Kwa shemeji yake Kizito.

Kesho nakwenda Mbarara kutafuta mapya. Nitayachagua mwenyewe, moja moja, na sitamwambia Shafiq.